Kuunda kompyuta ya gemu Songea: Kifaa kimoja kisichooana ni safari ya Dar

Uchambuzi

KUPANDA kwa bei ya RAM tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 kumewashitua vijana wengi waliokuwa wakidunduliza fedha ili wajiundie kompyuta ya gemu nyumbani. Chanzo chake hakiko Kariakoo wala bandarini. Kampuni chache zinazotengeneza chipu za kumbukumbu duniani, zikiwamo Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, zimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vikubwa vinavyoendesha akili mnemba. Desemba 2025, Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, jina ambalo wanunuzi wa kawaida walilizoea kwa RAM na diski.

Kwa mkazi wa Songea, habari hiyo ina uzito wa pekee. Mji huu uko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, ambako ndiko kwenye maduka mengi ya vifaa hivi. Kijana wa Sinza akinunua kifaa kisichoingia, hupanda daladala akakibadilisha siku hiyohiyo. Wa Mfaranyaki au Bombambili hana budi kukirudisha kwa basi, kulipia kifurushi mara mbili, na kumwomba muuzaji asiyemjua akubali kukipokea. Ndiyo maana hoja ya makala haya ni kwamba, kwa mnunuzi wa Songea, hasara kubwa haitokani na bei ya kifaa, bali na kifaa kisichooana na vingine.

Swali la kujiuliza ni je, aanzie wapi? Wengi huanza na kadi ya picha, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana katika mazungumzo ya gemu. Mpangilio huo una hatari. Kadi ya picha ni rahisi kubadilisha baadaye, lakini prosesa, ubao mama na RAM ni vitu vitatu vilivyofungamana. Ukikosea kimoja, vingine viwili havina kazi.

Tuchukue prosesa za AMD. Zinazotumia soketi ya AM4, kama Ryzen 5 5600 iliyotoka mwaka 2022, huhitaji RAM ya DDR4. Zinazotumia AM5, iliyoanza mwaka huohuo wa 2022, huhitaji DDR5 pekee. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA1700 iliyobeba prosesa za kizazi cha 12 hadi cha 14 ina mtego wake: zipo mbao mama za DDR4 na zipo za DDR5, na hakuna unaopokea aina zote mbili ukiwa na nafasi za aina moja tu. DDR4 na DDR5 zina pini 288 kila moja, lakini pengo lililokatwa kwenye ukingo haliko mahali pamoja. Anayelazimisha huvunja.

Kwa bajeti ya kati, wakati huu ambapo DDR5 imepanda mno, njia ya DDR4 ina mantiki zaidi. Ni kweli kwamba DDR4 nayo imepanda. Hata hivyo, imetumika katika kompyuta za ofisini kwa miaka mingi, hivyo zilizotumika hupatikana. La kuangalia ni kwamba RAM ya kompyuta mpakato ni fupi na haiingii kwenye ubao wa kompyuta ya mezani. Vilevile, kadi mbili za GB 8 kwa kawaida hufanya kazi vizuri kuliko moja ya GB 16, kwa sababu prosesa huzisoma kwa njia mbili sambamba.

Wapo wanaosema kununua AM4 leo ni kununua njia iliyofika mwisho, kwani AMD imeahidi kuendelea na AM5 hadi mwaka 2027 na kuendelea. Hoja hiyo ina ukweli kwa mwenye uwezo wa kubadilisha prosesa kila baada ya miaka miwili. Lakini anayeunda kompyuta moja ili idumu miaka mitano hapati faida kubwa kutokana na ahadi hiyo, ilhali gharama ya DDR5 anailipa leo.

Hata ndani ya AM4 kuna la kuhadhari. Ubao mama wa zamani wenye chipu ya B450 unaweza kuikataa Ryzen 5 5600 mpaka programu yake ya BIOS isasishwe, na mara nyingi kuisasisha kunahitaji prosesa ya zamani inayowaka. Muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutumwa. Tena, Ryzen 5 5600 haina picha ya ndani. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima.

Jambo la pili ni umeme. Songea iliungwa na gridi ya taifa kupitia njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, mradi uliozinduliwa rasmi Aprili 2019. Kabla ya hapo mji ulitegemea jenereta za dizeli. Hatua hiyo ilileta nafuu kubwa, lakini kukatika kwa umeme na kurudi kwa kishindo havijawa hadithi ya kale. Pawasaplai ndiyo inayopokea kishindo hicho kwanza, nayo ndiyo kifaa ambacho wengi hukipunguzia bajeti ili waongeze kwenye kadi ya picha.

Hesabu yake si ngumu. Kadi ya Radeon RX 6600 hutumia takriban wati 132, na AMD hupendekeza pawasaplai ya wati 450. GeForce RTX 3060 hutumia wati 170, na Nvidia hupendekeza wati 550. Wati hizo ziwe za kweli, za kampuni inayojulikana, si namba kubwa iliyobandikwa kwenye kasha jepesi. Anayenunua UPS naye akumbuke kwamba VA si wati. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati pungufu ya namba hiyo.

Tatu ni mtumba. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane hazikidhi masharti ya Windows 11. Ofisi za Ulaya na Marekani zina sababu ya kuziondoa, na masoko yetu yana sababu ya kuzipokea. Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya namna hiyo ni mwanzo wa bei nafuu, lakini si kila kadi itaingia. Zile za kasha jembamba huhitaji kadi fupi, pawasaplai yake mara nyingi haifiki wati 300, na plagi zake huwa za kampuni yenyewe. Kadi kama GeForce GTX 1650 ya wati 75, katika umbo fupi lisilo na plagi ya ziada, ndiyo inayofaa hapo. Na iwapo pawasaplai ya zamani ina swichi ya volti nyuma, ihakikishwe iko kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, umeme wetu utaiunguza mara moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mnunuzi aandike jina kamili na namba ya kila kifaa, kisha alinganishe soketi, aina ya RAM, wati, na urefu wa kadi dhidi ya kasha. Adai risiti ya EFD yenye namba hizo, si yenye neno "kompyuta" tu. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu zijitaje kuwa mpya, na bila namba kwenye risiti mnunuzi hana cha kushika anapolalamika.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Duka la Dar linalouza mikoani lingefaa kutaja wazi masharti ya kurudisha kifaa na nani hulipa usafiri. Mafundi wa Songea, wanaoletewa kompyuta zilizokwisha kukataa kuwaka, wangepata wateja zaidi kama wangelipwa ada ndogo ya kukagua orodha kabla ya ununuzi. Fedha inayopotea sasa kwenye nauli za vifurushi ingetosha kulipia ushauri huo, na ingebaki Ruvuma.