Nani Alipima Gari Hili Kabla ya Kukata Mshahara?



Mwezi huu hatuandiki juu ya nyongeza ya mishahara. Twaandika juu ya bampa, rejeta na taa mbili za mbele, kwa sababu vitu hivyo vimekuwa vikila mshahara wa ndugu yetu mmoja tangu Machi, na tukinyamaza vitaula mpaka Juni mwaka ujao.

Ndugu huyu ni dereva wa lori dogo la kubeba mizigo kutoka stesheni. Tajiri wake hatumtaji hapa, maana mambo yako mezani. Asubuhi moja ya mvua lori lililomtangulia lilifunga breki ghafula. Yeye naye akakanyaga, gari likavuta kushoto, likateleza, akaligonga kwa pembe ya kushoto. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo twashukuru. Gari likavutwa mpaka uwanjani.

Akaja mkubwa wa magari. Alisimama mbele ya lori kwa muda wa kuvuta sigara nusu, mikono mfukoni. Hakuinama. Hakufungua boneti. Akasema, "Huyu atalipa." Lori likapelekwa gereji siku ile ile, na baada ya majuma mawili ikaja hesabu ya Shs. 186,000. Mshahara wa dereva ni Shs. 31,500 kwa mwezi. Akaandikiwa kukatwa Shs. 12,000 kila mwezi. Ana watoto wanne, wawili wako sekondari. Ninyi wenyewe fanyeni hesabu ya zile zinazobaki, wala haihitaji shule kubwa.

Sisi tunaoandika ni mafundi wa mabehewa. Behewa likitoka relini haturudishi njiani kwa kulipaka rangi. Twapima kwanza. Twapima nafasi kati ya gurudumu na gurudumu, twatazama ekseli, springi na fremu, twaandika kila kipimo, na fundi anatia sahihi yake. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ina milimita 1,435. Hapo hakuna neno "karibu sawa." Na tena kabla ya kumlaumu dereva wa treni, watu huenda kuitazama njia yenyewe, maana pengine kosa ni la reli. Basi kwa nini gari la barabarani lipimwe kwa macho ya mtu aliyesimama wima?

Mgongano haukai pale ulipogusa. Nguvu ile huingia kwa bampa, hupita katika chasisi, ikatokea mahali pengine kabisa. Waweza kuona bampa limepinda kidogo tu, kumbe mguu wa chasisi umekunjwa, usukani umelegea, na gurudumu la mbele limerudi nyuma kidole kizima. Gari dogo la siku hizi limetengenezwa kwa makusudi likunjike mbele ili watu walio ndani wasivunjike, kwa hiyo ubaya mwingi umo ndani ya bati ambalo kwa nje laonekana zima. Ndiyo sababu mkaguzi wa kweli huandika hesabu ya kwanza, kisha vitu vikifunguliwa huandika tena yale yaliyofichika. Na mahali penye mikanda au mifuko ya hewa iliyokwisha fyatuka, hiyo hubadilishwa, haishonwi.

Tuliomba kuona hesabu ya gereji. Ilichukua siku kumi na moja kuonyeshwa. Ndani yake tukakuta madigadi ya kulia. Ndugu zetu, gari liligonga kwa kushoto! Tukakuta betri mpya. Tukakuta tairi mbili mpya za mbele. Hizo za zamani kila mpakizi wa stesheni alizijua, zilikuwa zimekwisha meno, laini kama kichwa cha mzee. Tairi huliwa na barabara katika kazi ya tajiri, na faida ya kazi hiyo dereva haigawiwi. Leo anaambiwa anunue mpya kwa mshahara wake. Tukauliza, vitu vya zamani viko wapi? Vimetupwa. Picha je? Hazikupigwa. Siku hizi hata mtoto anapiga picha kwa simu, lakini gereji nzima haikuwa na simu siku hiyo.

Lakini hilo la madigadi si kubwa. Kubwa ni daftari la gari. Mara tatu kabla ya ajali dereva aliandika kwa mkono wake, "Breki yavuta kushoto." Tumeziona kurasa hizo, tumezinakili. Breki ikivuta upande mmoja sababu zake zajulikana: oili au mafuta yameingia kwenye laini ya breki, au silinda ya gurudumu moja imekwama, au upande mmoja umekwisha kuliko mwingine. Fundi akifungua magurudumu mawili ataona kwa nusu saa. Gereji walizifungua breki hizo na kuweka laini mpya, kwa maana zimo katika hesabu. Basi walizikuta na hali gani? Hakuna neno lililoandikwa. Yaani shahidi wa dereva alitolewa kwenye gurudumu, akatupwa kwenye pipa, na gharama ya kumtupa akaandikiwa dereva.

Hii ndiyo maana twasema kwamba kupima gari lililogongwa si kuhesabu bei ya vyuma tu. Ni kutafuta haki. Ukilitengeneza kabla ya kulipima umefuta ushahidi.

Sasa tuje kwa sheria, maana mkubwa wa magari apenda kusema "sheria yaniruhusu." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. La kusudi! Mtu aliyeandika mara tatu kwamba breki ni mbovu, akaambiwa apeleke mzigo tu, huyo amekusudia nini? Tajiri ajibu kwamba hakuvuka theluthi mbili ya mshahara. Ni kweli hakuvuka. Lakini mpaka huo umewekwa kwa makato yaliyo halali. Haugeuzi kato lisilo halali likawa halali kwa kuwa ni dogo. Mwizi akichukua theluthi moja tu bado ni mwizi.

Tukauliza pia juu ya bima, tukaambiwa si kazi yetu. Ni kazi yetu. Bima ile ya lazima, ya Sura ya 405, huwalinda watu wengine wanaoumizwa au kuuawa na gari, haitengenezi bampa la mwenye gari. Lakini iko bima kubwa inayolipa hata gari lenyewe, na mwenye gari hubaki na sehemu ndogo ya kujilipia. Kama tajiri huyu ana bima kubwa na amelipwa, basi bampa moja limelipwa mara mbili, mara ya pili na watoto wa dereva. Kama hana, na aseme hana. Jambo hili lajibiwa kwa karatasi moja.

Na gari lenyewe je, limepona? Lilipokuja kuchukua mzigo jioni moja, tulilisimamisha juu ya saruji mbele ya ghala. Tukateremsha timazi kutoka matundu manne ya chasisi, tukatia alama za chaki chini, tukaliondoa gari, tukapima kwa utepe kutoka pembe hata pembe, huku na huku. Vipimo hivyo viwili vyapaswa kulingana. Vilipishana kwa milimita 22. Tairi mpya ya kushoto, hizo za Shs. 186,000, imekwisha kuliwa upande wa ndani. Chini ya rangi inayong'aa tuligonga kwa kidole tukasikia sauti ya puti, nene kama ugali. Hilo ndilo gari alilorudishiwa ndugu yetu aliendeshe kwa tani mbili za mzigo, na likigonga tena watamwandikia tena.

Hatumtetei dereva mlevi. Hatumtetei anayeendesha kwa fujo au anayempa turniboi usukani. Mtu wa namna hiyo aitwe, aambiwe kosa lake. Lakini naye asikilizwe. Kifungu cha 41 chasema kwamba mfanyakazi asiachishwe kwa makosa kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake akiwapo kama akitaka. Ndugu yetu alitishwa kufukuzwa, kisha akapewa karatasi ya Kiingereza, akatia sahihi amesimama. Hapa twamlaumu kidogo na yeye. Twajilaumu na sisi, maana mwakilishi wetu alikuwa hatua ishirini kutoka pale akinywa chai.

Tawi limemwandikia tajiri. Twataka makato yasimame mara moja na zilizokatwa zirudishwe. Twataka lori lipelekwe kwa mkaguzi asiyekula kwa tajiri wala kwa gereji, na asubuhi hiyo dereva na mwakilishi wawepo. Na kuanzia sasa, gari la kazi likigongwa lisiguswe kwa spana kabla ya kupigwa picha na kuandikwa breki, tairi na usukani zilikuwa na hali gani, na vyuma vya zamani viwekwe kwa alama mpaka neno limalizike. Ametakiwa kujibu kwa siku 14. Akikataa twapeleka shauri mbele.

Madereva wote: andikeni ubovu wa gari katika daftari kila siku, na mpige picha ukurasa huo. Karatasi msiyoielewa msitie sahihi. Yeyote aliyekatwa mshahara kwa ajili ya gari tangu Januari alete karatasi zake za mshahara kwa karani wa tawi, jioni yoyote baada ya saa kumi na moja, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.