Nafaka ya Juu na Nafaka ya Chini



Majuma mawili yaliyopita tulimsindikiza mpwa wetu kwenye karakana moja jijini Nairobi. Kijana huyu ana Subaru Impreza, naye amelitilia fedha nyingi: turbo kubwa zaidi, bomba pana la moshi na programu mpya katika kompyuta ya injini. Fundi aliyeifanya kazi hiyo alimhakikishia kwamba gari limefikia nguvu farasi 300. Sasa alitaka kuliuza ili apate mahari, na mnunuzi, kijana tunayeswali naye msikiti mmoja, alikuwa tayari kulipa kwa hesabu ya hizo 300. Tukamshauri alipime kwanza, asije akauza asichokijua.

Gari hupandishwa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka, yaliyolazwa sakafuni chini ya magurudumu yote manne. Hufungwa kwa mikanda imara, na feni kubwa huelekezwa kwenye rejeta. Dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini hunguruma kama iko barabara kuu, nalo gari halisogei hata shubiri. Mashine hupima msukumo wa kuzungusha pamoja na kasi ya mzunguko, na kutokana na viwili hivyo hupatikana nguvu. Farasi mmoja wa hesabu hii ni takriban wati 746.

Gari lilipimwa mara tatu, na mara zote tatu mstari ulikomea karibu na 228.

Mwenye mashine akatueleza kwa upole. Hiyo ni nguvu iliyofika magurudumuni. Nyingine imepotea katika gia, difu na matairi. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mashine huweza kuamriwa ifidie mambo hayo, na tarakimu ikapanda. Lakini fidia ya hewa iliyowekwa kwa injini zisizo na turbo huweza kupindukia haki kwa yenye turbo, maana turbo yenyewe hufidia sehemu ya upungufu. Akabonyeza vitufe viwili, na gari lilelile likasoma 300.

Mpwa wetu akatugeukia. "Mjomba, si uongo. Imetoka kwenye mashine hiyohiyo. Nimchapishie hii."

Hatukumjibu upesi. Tuliikumbuka hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyopokewa na Imam Muslim: Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji akajitetea kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume hakuigombeza mvua. Alihoji kwa nini kilicholowa hakikuwekwa juu, watu wakakiona. Kisha akajitenga na mwenye kudanganya.

Nafaka kavu ya juu nayo ilikuwa nafaka ya kweli. Kosa lilikuwa katika mpango wa rundo. Tukamwambia kijana wetu hivyo, na kwamba ndoa inayoanza kwa mahari ya namna hiyo huanza na umajimaji chini yake.

Akachapisha karatasi zote mbili, akampelekea mnunuzi na kumweleza tofauti yake. Bei ikashuka, na akdi imesogezwa miezi mitatu. Dada yetu alisononeka, nasi hatumlaumu.

Enyi wazazi, vijana wetu wengi sasa huuziana magari kwa tarakimu za namna hii. Anayenunua na aulize: nguvu hii ni ya magurudumuni au ya injini? Imefidiwa, na kwa kanuni ipi? Karatasi isiyofidiwa iko wapi? Naye anayeuza na aseme kabla hajaulizwa, kwani mnunuzi hana mkono wa kutia ndani ya injini.

Wabillahi tawfiq.