Usiitupe Tarakilishi Kuukuu, Ifungue Kwanza

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ya kuandika programu ilinibana. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira.

Jumamosi nilimsindikiza mpwa wangu kwenye duka moja jijini Nairobi ambalo jina lake nalihifadhi. Kijana ana Dell OptiPlex 9020, mtumba wa ofisi, na anataka icheze Grand Theft Auto V bila kukwamakwama. Muuzaji hakuuliza hata prosesa ni ipi. "Hii imezeeka, nunua mpya." Kisha akataja bei ya kumtoa mtu machozi! "Mjomba, kwani haifai kabisa?" kijana akaniuliza. Nilimshika mkono tukatoka.

Ndugu msomaji, uzee pekee si ugonjwa. Modeli hiyo ilitoka mwaka 2013, na ya kijana ndani ina Core i5-4590. GTA V ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015, waundaji walipendekeza Core i5-3470, ambayo ni ya kizazi cha nyuma yake, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660. Kwa hiyo prosesa kijana anayo tayari! Anachokosa ni kadi ya grafiki. Tarakilishi hizi ziliundwa kwa barua na hesabu, zikaachiwa grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ambayo hukopa RAM ileile ya mashine.

Basi achomeke kadi yoyote? Hapana, na hapa ndipo ninapowageukia watengenezaji. Pawa saplai ya 9020 ile ya mnara ni ya wati 290 tu. Ungependa kuweka kubwa zaidi? Plagi ya kawaida ya ATX ina pini 24, lakini bodi hii inataka pini 8 za mtindo wake wenyewe. Itabidi utafute adapta. Ofisi iliyoinunua ikiwa mpya haikuumia, anayeumia ni mnunuzi wa pili, mimi na wewe. Huko ndiko kuzeeshwa kwa lazima.

Lakini upenyo upo. Tundu refu la PCI Express linaweza kutoa hadi wati 75 lenyewe. GTX 1650 ya mwaka 2019 hutosheka na wati hizo, mradi uchague toleo lisilo na plagi ya umeme juu yake. Kama mashine yako ni ile nyembamba, tafuta kadi ya kimo kifupi. Na usidanganywe na RX 6400 kwa kuwa inakula wati 53 tu: hutumia njia 4 pekee za data na ilikusudiwa PCI Express 4.0. Kwenye mashine ya 3.0 kama hii njia hizo hupitisha nusu ya data, na mchezo unaweza kupungua kasi. Je, muuzaji alikuambia?

Kisha tazama RAM. Kama ni kijiti kimoja cha GB 8, ongeza cha pili kinachofanana nacho ili prosesa isome vyote viwili kwa pamoja. Badilisha diski iwe SSD pia. Haitaongeza fremu nyingi, ila utaacha kupika chai ukingoja mchezo ufunguke.

Sitawaficha ukweli. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo katika orodha ya Windows 11. Michezo kama Valorant hudai TPM 2.0 ukiwa kwenye Windows 11. Ikiwa hiyo ndiyo unayoitaka, weka akiba ya mashine nyingine. Ikiwa ni GTA V ya mwaka 2015 na wenzake wa rika hilo, usiibiwe.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kutoa shilingi, fungua kifuniko, soma wati kwenye pawa saplai, hesabu pini, pima nafasi. Muuzaji asiyeweza kukujibu hayo hajui anachouza, au anajua sana.

Haya, nakwenda kumfungia kijana kadi yake. Tuonane wakati mwingine.