Maarifa ya Motokaa: Mpira Mdogo Ulindao Shafti

Biashara Street, katika kisiwa cha Mombasa, yajulikana mbali kwa nguo. Watu hutoka sehemu nyingi za Pwani kuja kuchagua kanga na vikoi katika maduka yaliyopangana pande zote mbili za njia. Lakini mali hiyo haiji kwa miguu yake, wala haiondoki kwa miguu yake. Robota huletwa kwa mikokoteni, kwa tuktuk, na kwa magari madogo kama Toyota Probox, ambayo mchuuzi huyajaza majora mpaka darini. Njia ni nyembamba na watu ni wengi. Dereva hana budi kuzungusha usukani mpaka mwisho, kurudi nyuma kidogo, na kuzungusha tena, ndipo gari litoke kuelekea Barabara ya Digo.

Katika mzunguko wa namna hiyo ndipo magari mengine hutoa sauti ya ta-ta-ta-ta katika gurudumu la mbele. Gari likinyooka sauti hunyamaza, na mwenye gari husahau. Wengine hudhani ni jiwe dogo lililonasa mahali. Si jiwe. Mara nyingi ni kiungo cha shafti kinachokufa, na kifo chake kilianza siku nyingi kabla, mpira wa bei ndogo ulipopasuka na mtu asiutazame.

Yafaa kwanza kuelewa kazi ya shafti. Katika magari mengi madogo ya siku hizi injini huendesha magurudumu ya mbele. Nguvu hutoka katika giaboksi kwa vyuma viwili, kimoja upande wa kuume na kimoja upande wa kushoto, navyo ndivyo shafti. Gurudumu hupanda na kushuka katika mashimo, tena hugeuka huku na huku kwa usukani. Na wakati wote huo shafti yapaswa kulizungusha bila kusitasita. Kwa sababu hiyo kila shafti ina viungo viwili, mfano wa nyonga na kifundo cha mguu: jointi ya ndani iliyo karibu na giaboksi, na jointi ya nje iliyo karibu na gurudumu.

Kiungo cha zamani chenye umbo la msalaba hakikuifaa sana kazi hiyo, kwa maana kikipindwa mwendo wake huongezeka na kupungua mara mbili katika kila mzunguko, na gari hutetemeka. Katika miaka ya 1920 mhandisi Alfred Rzeppa, aliyekuwa Marekani, alibuni kiungo chenye golori za chuma zipitazo katika mifereji iliyochongwa kwa ustadi, hata nguvu ikapita sawasawa ijapokuwa shafti imepinda. Gari dogo la Mini lilipotokea Uingereza mwaka 1959 lilitumia viungo vya namna hiyo, na baadaye mtindo huo ukaenea duniani kote.

Golori hizo huishi kwa grisi. Ili grisi isimwagike, kila jointi imevikwa mfuko wa mpira wenye mikunjo, ambao mafundi huuita buti. Mpira huo ukipasuka, mzunguko wa gurudumu huirusha grisi nje, na mahali pake huingia maji na mchanga. Mchanga ukichanganyika na grisi iliyobaki huwa kama msasa. Husaga golori na mifereji yake usiku na mchana mpaka chuma kilegee. Hapo ndipo ile sauti husikika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapana ufa ulio wazi kuliko huu.

Tena ikumbukwe kuwa magari mengi ya watu wa kawaida nchini Kenya huja yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na sheria huruhusu yaingie mradi yasizidi umri wa miaka 8. Mwenye gari hulihesabu kuwa jipya siku litokapo bandarini Kilindini, lakini mpira wake huenda tayari una miaka saba, nao mpira huzeeka na kupasuka kwenye mikunjo hata kama gari halikwenda mbali.

Hasara si ya fedha peke yake. Jointi ikivunjika kabisa, injini hunguruma lakini gari haliendi, kwa maana nguvu yote hupotea upande uliovunjika. Jambo lililo baya zaidi ni hili: katika gari la gia za kujiendesha, ile alama ya P hulizuia gari kwa kupitia shafti hizo hizo. Shafti ikivunjika, P haishiki tena. Na afikirie mtu gari lililojaa robota likipanda mteremko wa kutokea feri ya Likoni, watu wakitembea nyuma yake. Dereva atakayekutwa na msiba huo akanyage breki ya mguu mara moja, avute breki ya mkono, na magurudumu yawekewe vizuizi kabla yeye hajashuka.

Kukagua ni kazi ya dakika tano. Usukani na uzungushwe mpaka mwisho upande mmoja, kisha mtu ainame nyuma ya gurudumu la mbele na kurunzi. Mpira mzima ni mkavu. Mpira uliopasuka huacha alama za grisi nyeusi ndani ya rimu na juu ya vyuma vilivyo karibu. Mikunjo ipanuliwe kwa vidole, kwa kuwa ufa hujificha ndani yake. Kisha gari lipelekwe mahali peupe, lizungushwe polepole, usukani ukiwa mwisho, kuume na kushoto. Sauti ya ta-ta-ta yaonyesha jointi ya nje. Mtetemo wakati wa kuongeza mafuta, gari likienda moja kwa moja, mara nyingi waonyesha jointi ya ndani.

Hapo uamuzi ni rahisi. Ikiwa mpira umepasuka lakini hapana sauti, na grisi haina mchanga, jointi yaweza kuoshwa, kutiwa grisi mpya na kuvikwa mpira mpya. Ikiwa sauti imekwisha kuanza, mpira mpya hautaiponya. Jointi ibadilishwe, au shafti nzima. Kuvika mpira mpya juu ya jointi iliyokwisha kulika ni kumvika maiti kanzu.

Mtu mwenye subira na vyombo vizuri aweza kuifanya kazi hii nyumbani, lakini si kando ya njia kama Biashara Street, ambako mikokoteni hupita ikigusa milango ya magari. Atafute mahali sawa, pagumu, penye nafasi. Avute breki ya mkono na kuweka vizuizi katika magurudumu ya nyuma. Gari likiwa bado chini, alegeze nati kubwa iliyo katikati ya gurudumu, baada ya kuondoa pini yake au kuinua ukingo uliogongwa, na alegeze pia nati za gurudumu. Hewa ya chumvi ya Mombasa huzishika nati hizo kwa kutu. Yafaa zitiwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake.

Baada ya hapo gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Wala jiwe la matumbawe, wala tofali, visitumiwe badala ya kigingi, kwa maana hupasuka ghafula bila kutoa onyo. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Gurudumu likiisha kutolewa, oili ya giaboksi imwagwe katika karai, kwa kuwa katika magari mengi itamwagika yenyewe shafti ikitoka. Mkono wa chini unaoshika gurudumu ufunguliwe kwenye kiungo chake ili kitovu cha gurudumu kiweze kuvutwa nje. Lakini mpira wa breki usiachwe kubeba uzito wowote. Shafti ikikataa kutoka katika kitovu, nati irudishwe kidogo ili kuzilinda hesi, na igongwe kwa kipande cha mbao katikati, wala si kwa nyundo tupu. Upande wa ndani ung'olewe kwa mtaimbo mdogo kwenye giaboksi. Shafti yenyewe isivutwe kwa nguvu, kwa maana jointi ya ndani itaachana. Tena gari lisisukumwe wakati shafti haimo, kwa kuwa katika magari mengi beringi ya gurudumu huharibika.

Kabla ya kuifunga shafti mpya, ilazwe kando ya ile ya zamani. Urefu uwe sawa, meno yawe sawa kwa idadi, na kama gari lina breki za ABS zisomazo pete ya meno juu ya shafti, pete hiyo iwepo. Shafti ya kuume mara nyingi si sawa na ya kushoto. Mwenye kununua shafti iliyotumika aizungushe jointi kwa mkono na kuusikiliza mwendo wake kabla ya kulipa.

Kama ni mpira tu unaobadilishwa, mikanda yake ikatwe na jointi itolewe. Ioshwe kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, ikaushwe kabisa, na kila golori itazamwe. Yenye vidonda haifai tena. Grisi ya kutia ni ile maalumu ya jointi ijayo pamoja na mpira mpya, tena itiwe yote, nusu katika golori na nusu katika mpira. Hewa iliyobanwa itolewe kabla ya kukaza mikanda, ili mpira usivimbe wala kunyonywa ndani.

Shafti irudishwe giaboksini kwa uangalifu, sili ikipakwa oili kidogo, kwani mkwaruzo mmoja juu ya sili huleta uvujaji wa siku nyingi. Isukumwe mpaka ikae kwa mlio, kisha sehemu ya ndani ivutwe kidogo ili ijulikane kuwa imeshika. Nati kubwa iwe mpya, wala isikazwe kwa kukisia. Iko spana ya kupimia nguvu, na kiasi kimeandikwa katika kitabu cha gari. Nati ikilegea, beringi hufa. Na ikianguka, gurudumu huenda likaponyoka njiani. Asiye na spana hiyo na aazime, au amlipe fundi kwa hatua hiyo peke yake.

Mwisho oili mpya itiwe giaboksini mpaka kipimo chake. Oili chafu isimwagwe mtaroni, maana mitaro ya kisiwa huteremka baharini wanakovua watu. Iwekwe katika debe na kupelekwa kwa wakusanyao oili iliyotumika. Kisha gari lijaribiwe polepole pasipo mzigo, na nati za gurudumu zikazwe tena baada ya mwendo mfupi.

Asiyeiweza kazi hii hana aibu kumpelekea fundi. Aibu ni kuisikia sauti na kuendelea kupakia. Muuza nguo hungoja mshono ufumuke mpaka wapi? Huushona siku ile ile, kwa kuwa ajua bei ya uzi na ajua bei ya jora. Bei ya mpira na bei ya shafti zimeachana vivyo hivyo. Basi kila mwezi mwenye gari na ainame mara moja na kurunzi nyuma ya magurudumu ya mbele, kabla ya kupakia robota ya kwanza.