Gitaa Lako, Bisibisi Yako

Kuna imani imekita mizizi kwa wapiga gitaa wa kwetu kusini, kuanzia Kilwa Masoko mpaka Lindi mjini: mpigaji kazi yake ni kupiga, gitaa likisumbua ni la fundi, na fundi mwenyewe yuko Dar es Salaam. Kwa imani hiyo magitaa yanalala mvunguni yakisubiri mtu anayesafiri. Mengine basi hayalipandi kamwe. Mwenye nalo hutangaza kwamba chumvi ya bahari imelimaliza, akaanza kudunduliza la pili. Imani hii haina msingi, na inatutia hasara.

Hebu tuulizane: mpigaji gani hupeleka gitaa kwa fundi likatyuniwe? Hayupo. Hata aliyeanza juzi hukaza na kulegeza nyuzi mwenyewe mpaka sauti zikae. Basi kunyoosha shingo na kushusha nyuzi zilizokaa juu mno ni kutyuni huko huko, hatua moja mbele. Nani alituchorea mpaka kwamba hapa mwisho, ng'ambo ni kwa fundi?

Watengenezaji hawakuuchora. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Gibson ya Marekani ilianza kupachika ndani ya shingo nondo nyembamba yenye nati mwishoni, ili shingo ikipinda inyooshwe kwa spana. Leo Fender, aliyetoa Stratocaster mwaka 1954, alikuwa fundi redio asiyejua kupiga gitaa. Hata hivyo, kila uzi kati ya sita aliupa kikalio chake chenye skrubu za kukipandisha, kukishusha na kukisogeza. Skrubu hizo ziko nje, mbele ya macho ya mnunuzi. Asingetaka ziguswe angezificha.

Na chumvi, je? Kweli, hewa ya pwani hutia nyuzi kutu, na mbao hunywa unyevu wa mvua zikavimba, kiangazi zikasinyaa. Lakini hoja hiyo inamgeukia anayeitoa. Chombo kinachobadilika na majira hakiwezi kutegemea fundi aliye kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko, au 450 na ushee kutoka Lindi. Nyuzi za chuma za gitaa la boksi, zikikazwa zote sita, huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Weka nyuzi nene kuliko zilizokuwapo, mvuto unabadilika na shingo inapinda zaidi. Fundi atakupangia gitaa la leo. La baada ya masika utalipanga wewe.

Kulipima hakuhitaji digrii. Likishatyuniwa, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapokutana na boksi. Uzi umenyooka sasa. Tazama freti ya saba. Pakiwa na mwanya mwembamba, wa karatasi mbili tatu hivi, shingo ni nzima. Mwanya ukiwa mkubwa, kaza nati robo mzunguko. Usipokuwapo kabisa, legeza robo. Tyuni upya, liache litulie, upime tena. Nati ikigoma, usishindane nayo. Magitaa mengi ya nyuzi za nailoni hayana nondo hiyo, kwa hiyo usiitafute.

Watu watasema tunamnyang'anya fundi riziki. Fundi ana kazi zake: freti zilizochimbika, shingo iliyovunjika, ubao ulioachia gundi. Kazi hizo mpelekee, umlipe vizuri, na umweleze tatizo lenyewe badala ya kumwambia "linasumbua tu".

Hasara ninayoisema si nauli. Ni kijana anayejifunza kwenye gitaa ambalo nyuzi zake zimesimama juu ya ubao. Vidole vinamuuma, na akipanda freti ya 12 sauti haikai hata akibonyeza sawasawa. Anaambiwa avumilie, vidole vitakomaa. Baada ya muda anaamini hana kipaji, analiweka chini. Kipaji alikuwa nacho. Kilichokosekana ni mtu mwenye bisibisi.

Aibu yetu ni kubwa zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Miaka ya 1960 Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ililitia jina la Kilwa masikioni mwa watu wa Dar es Salaam. Mpingo wa misitu ya vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwa kimojawapo, ulipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, na mpingo ndio mti unaochongwa klarineti na obo zinazopigwa Ulaya. Wilaya yenye mti huo ishindwe kuzungusha nati?

Kwa hiyo wito wangu ni kwa walimu wa muziki na viongozi wa bendi kabla ya wanafunzi. Anayefundisha wimbo wa kwanza afundishe pia kubadili nyuzi, kuzipangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na kupima shingo. Mwanafunzi asiyeweza hayo bado hajafundishwa gitaa.