Kwa kesi zenu za kuigiza, nani anakuwa mshtakiwa?

Swali tu kwa wale mnaopanga kesi za kuigiza kwa mashule na vyuo: mshtakiwa huwa nani?

Nimekaa kwa hizo kumbi mara kadhaa. Mshtakiwa huwa ni yule msee mpole aliyekosa nafasi ya kuwa wakili. Anapewa laini mbili, anawekwa kwa kona, halafu masaa mawili tunasikiza mawakili wa kesho wakirushiana Kizungu kilichopigwa pasi. Kesi yenyewe ni mauaji, ama mabilionea wanapigania kampuni. Mwisho ni picha, cheti na soda. Eti umma umefunzwa kuhusu mahakama.

Umma upi? Wengi wa rika letu wakipelekwa kortini si kwa mauaji. Ni kulewa na kusumbua, ni kuuza vitu bila leseni, ni msokoto mmoja, ni vita ya ploti. Karao wanakubeba Ijumaa usiku, na ukikosa dhamana ya kituoni, unalala ndani hadi Jumatatu. Unafika mbele ya hakimu hujaoga, huna wakili, foleni nyuma yako ni ndefu. Karani anakusomea shtaka mbio mbio, halafu anakuuliza kitu ambacho sijawahi kuona kikifanyiwa mazoezi kwa ukumbi wowote: ni kweli ama si kweli?

Hebu fikiria hapo kidogo. Umeshtakiwa kumpiga jirani. Ulimsukuma, sawa, lakini juu alikuwa anakuja na rungu. Kwa kichwa yako, "ni kweli" inamaanisha nilikuwa hapo na nilimgusa. Kwa faili inamaanisha umekubali kosa. Unahukumiwa, na hiyo rekodi inaweza kukungoja siku unaomba polisi cheti cha tabia njema ndio upate kazi.

Na sheria iko! Mwaka wa 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri kwamba shtaka lisomwe kwa lugha unayoelewa, na jibu lako liandikwe kwa maneno yako mwenyewe. Kisha upande wa mashtaka unaeleza vile mambo yalienda, nawe unapewa nafasi ya kupinga ama kuongeza kitu. Ukisema "nilimsukuma lakini alikuwa na rungu", hakimu anafaa kuandika kwamba umekana. Wanafunzi wa sheria wanaisoma hiyo kesi wapite mtihani. Msee wa mkokoteni aliye kizimbani hajawahi kuisikia, na ni yeye inamhusu.

Kuna pia Kipengele cha 49 cha Katiba. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya kwanza ya korti kama saa hizo zimeishia wikendi. Dhamana iwe na masharti ya kadiri. Na kama adhabu ya kosa ni faini tu, ama kifungo kisichozidi miezi 6, hufai kuwekwa rumande. Igizeni hiyo basi. Mko na mchezo mzima hapo.

Halafu mambo ya lugha. Sheria ya kesi za jinai inasema lugha ya korti za mahakimu ni Kiingereza ama Kiswahili. Sasa mbona nyinyi Kizungu tu? Vioja Mahakamani ya KBC ilikuwa vichekesho vitupu, lakini mshtakiwa alisimama akajitetea kwa Kiswahili chake kilichovunjika, na shosho yangu alifuata kesi mwanzo hadi mwisho.

Najua jibu lenu: hizi kesi zinawapa watoto ujasiri wa kuongea. Ni kweli (na sijakubali kosa). Basi iteni mashindano ya kuongea, msituuzie kama elimu ya umma. Wengine watasema huyu aliacha chuo, ana wivu na majoho. Majoho kaeni nayo.

Juni 2024 watu wa rika letu walibebwa kwa maandamano, na mawakili wa kujitolea wakazunguka vituo vya polisi wakiwatafuta. Vipengele vya Katiba tulianza kutumiana kwa simu wakati wenzetu washaingizwa seli. Miaka yote hiyo ya kesi za kuigiza ilikuwa inatufunza nini?

Next time chagueni kosa dogo. Wekeni watu wanane kizimbani kwa mpigo, bila wakili hata mmoja. Mama ya mmoja awe nje na simu, anachangisha dhamana. Karani asome mbio vile husoma, na kila mtu kwa ukumbi ajibu. Skripti ikiwasumbua, korti za Kibera na Makadara ziko wazi kwa umma na hakuna kiingilio. Fikeni Jumatatu asubuhi, mkae benchi ya nyuma.