Pembe ukutani, ndugu mezani

Katika Kitabu cha Mwanzo sura ya 27, mzee Isaka, macho yake yakiwa yamefifia, anamwita mwanawe Esau na kumtuma porini akamwindie. Anataka ale nyama ya mawindo, kisha ambariki mwanawe kabla hajafa. Lakini nyumba ile ilikuwa imekwisha kugawanyika. Baba alimpenda Esau kwa sababu ya mawindo yake. Mama alimpenda Yakobo. Siku ya baraka ikawa siku ya machozi, na ndugu wawili wakatengana kwa miaka mingi.

Kumbe mawindo yanaweza kuiunganisha familia au kuivunja. Jambo hilo linaonekana wazi huko Marekani, ambako kila Novemba watu wengi huingia msituni kumwinda ayala mwenye mkia mweupe. Ayala tunamfahamu kutoka Zaburi ya 42. Huyu wa Marekani huinua mkia wake kama bendera anaposhtuka. Katika jimbo la Wisconsin, msimu mkuu wa kuwinda kwa bunduki huanza Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani na huchukua siku tisa. Huko Pennsylvania, shule nyingi zilizoea kufungwa siku ya kwanza ya msimu.

Babu, baba, wana, na mabinti pia, huvaa jaketi za rangi ya chungwa ili waonekane, hulala kambi moja na kula chungu kimoja. Mtoto hufundishwa kukaa kimya kwenye baridi, kutofyatua risasi asipoona vizuri, na kumfuatilia mnyama aliyejeruhiwa ili asiachwe akiteseka. Aliyehamia mbali hurudi. Wengine hutoa sehemu ya nyama kwa ajili ya maskini. Hayo yote ni mema.

Lakini kishawishi nacho kipo kambini. Wengi hutafuta nyara, yaani dume mwenye pembe kubwa. Pembe hupimwa kwa inchi, na Boone and Crockett Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1887, hutunza rekodi zake. Inapofika hapo, ndugu anaweza kugeuka mshindani, akawaficha wenzake mahali alipomwona dume.

Tazameni yaliyompata James Jordan. Mwaka 1914, huko Wisconsin, alimpiga dume mwenye pembe za ajabu. Akampa fundi wa kuhifadhi wanyama, fundi akahama, na pembe zikapotea kwa miongo kadhaa. Baadaye ziliuzwa kwa dola chache tu, zikapimwa, zikatangazwa kuwa rekodi ya dunia bila jina lake. Jina lake lilipokubaliwa mwaka 1978, alikuwa ameshafariki. Mwaka 1993 Milo Hanson wa Kanada akampata dume aliyeivunja rekodi hiyo. Sifa ya pembe ndivyo ilivyo. Hata ayala mwenyewe huziangusha pembe zake kila mwaka, kisha huota nyingine.

Kutundika pembe ukutani si dhambi. Mtakatifu Hubertus, msimamizi wa wawindaji, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 3 Novemba, alikuwa mwindaji hodari. Mapokeo yanasimulia kwamba alipomfukuza ayala aliona msalaba kati ya pembe zake, akabadili maisha. Swali kwa kila mmoja ni hili: katika ninachokikimbilia, bado naona msalaba, au naona pembe tu?

Sisi wengi hatuwindi, lakini pembe tunazo. Ni digrii, gari, nyumba ya ghorofa kijijini. Tunakutana Krismasi au msibani, na kabla chakula hakijaiva tumeshapimana nani amefika wapi. Aliyekwama kimaisha anaona aibu, na mwaka unaofuata haji. Hapo tumepoteza ndugu kwa ajili ya kitu ambacho kesho kitaangushwa chini.

Basi, wiki hii mtafute yule asiyekuja tena. Usimuulize amepata nini. Mwambie nafasi yake mezani ipo. Esau na Yakobo walipokutana tena, walikumbatiana na kulia, na mali zilizokuwa nyuma yao hazikuwa na uzito tena.

Bwana atujalie familia zinazongojana. Amina.